Siku ya Kuhamisha Kitanda

Harufu ya vitunguu ndiyo iliyompa habari. Mama mkwe wake alikuwa akikaanga vitunguu vidogo kwa mafuta ya nguruwe, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Sokhun aolewe katika nyumba ile, na kila asubuhi Sokhun aliinusa harufu hiyo akasikia njaa. Siku hiyo mate yalimjaa kinywani ghafla, mepesi, yenye ladha ya sarafu ya shaba. Alitoka mbio mpaka nyuma ya banda la nguruwe, akatapika maji ya njano, na alipoulizwa kuna nini alijibu kwamba pumba za nguruwe zimechacha.

Baada ya hapo dalili zilimjia moja baada ya nyingine. Matiti yakawa mazito, yanauma hata shati likiyapitia tu. Usingizi ulimkamata mchana akiwa amesimama, mikono imo ndani ya unga. Chini ya kitovu alihisi kitu kinavutwa taratibu, si maumivu hasa, ni kama mtu anayejaribu uzi aone kama utakatika. Hilo la mwisho ndilo lililomtia hofu, kwa sababu alilijua. Mara mbili alikuwa amelihisi, na mara zote mbili uzi ulikatika.

Kwetu mjini Lukang, mwanamke akishika mimba watu husema amepata mwili, kana kwamba siku zote alikuwa akitembea bila mwili. Wenye adabu zao husema ana furaha. Na kile kichefuchefu cha asubuhi, kinachomfanya mtu achukie chakula alichokipenda jana, kinaitwa kuugua mtoto. Aliyebuni jina hilo la mwisho bila shaka alikuwa mwanamke. Hayo ya furaha yalitungwa na watu waliokuwa wamekaa mezani wakisubiri kupakuliwa.

Lakini maneno yote hayo ni ya baada ya mwezi wa tatu. Kabla ya hapo halisemwi lolote, kwa yeyote. Mtoto wa siku za mwanzo ana moyo mdogo. Akisikia anatajwa, anakasirika, anaondoka. Tena yupo mlinzi wake asiyeonekana, anayehamahama chumbani mwa mama, leo mlangoni, kesho kitandani, kesho kutwa kwenye kabati. Ukigonga msumari mahali alipokaa, umemgonga mtoto. Ukihamisha kitanda cha mama, umemtupa nje.

Mara ya kwanza Sokhun alimwaga mtama mwenyewe. Alikuwa bibi arusi mgeni, furaha imempanda kichwani, akamwambia mama yake mzazi pale kisimani mbele ya wake za watu. Mwezi haukuisha. Mara ya pili alijifunza: alimwambia mama mkwe peke yake, kwa kunong'ona. Kulipokucha yule mama akaenda sokoni mchana kweupe akanunua mtungi mzima wa mafuta ya ufuta mweusi. Mafuta yale ni ya kumpikia kuku mwanamke aliyejifungua. Mama mwenye mkaza mwana kijana akionekana amebeba mtungi mzima, hana haja ya kufungua kinywa, soko zima limeshasikia. Kabla ya jioni watu walikuwa wakimpongeza Sokhun njiani. Mimba ilipotoka, mama mkwe alisema kosa ni la Sokhun, ameinua mikono juu mno wakati wa kuanika tambi. Mtungi ulibaki chini ya meko haujafunguliwa, na hakuna aliyeutaja tena.

Kwa hiyo safari hii hakumwambia mtu. Hata mumewe, Bunliong, hakumwambia. Bunliong alikuwa mume mwema, lakini hana kifua. Akifurahi yeye, hata kuku wa jirani watajua.

Kazi ya kuficha haikuwa rahisi, maana nyumba ile iliishi kwa tambi. Unga wenye chumvi huzungushwa kwenye vijiti viwili vya mwanzi. Kijiti kimoja unakitia kwenye fremu uani, cha pili unakikamata kwa mikono miwili na kurudi nyuma kwa uzito wa mwili wako wote, mpaka nyuzi zinakuwa nyembamba na uwanja mzima umejaa. Sokhun alisema bega limeteguka. Mama mkwe akawa anavuta mwenyewe, na ulimi wake ukivuta pamoja naye.

"Bega, bega! Mimi nilivuta tambi hizi asubuhi, mchana nikamzaa Bunliong. Siku hizi mabega ni ya malkia."

Sokhun alimeza mate yake yale ya shaba, akaendelea kukanda unga.

Kisha likaja jambo la kitanda. Bunki, mdogo wake Bunliong, alikuwa ameposa, na arusi ilikuwa mbioni. Mama mkwe alilitoa wakati wa chakula, huku akiwapakulia uji.

"Chumba kikubwa atapewa Bunki na mkewe, pamoja na kitanda chekundu. Nyinyi mtahamia chumba cha magunia."

"Mama, kile ni kitanda chetu cha arusi," Bunliong alisema.

"Kimefanya nini cha maana hicho kitanda? Mko wawili tu. Msichana wa Bunki ana nyonga pana, huyo atazaa." Aliweka bakuli mbele ya Sokhun bila kumwangalia. "Mwangalia siku amesema Jumatano, asubuhi. Ikipita hiyo, hakuna siku nyingine njema ya kuweka kitanda kabla ya arusi. Fundi Hok nimeshamwambia."

Hapo ndipo Sokhun alipoona mtego ulivyomfunga pande zote. Akisema, anavunja mwiko kwa mdomo wake mwenyewe, na alishauona mwisho wa kusema. Akinyamaza, wanakuja na nyundo kumhamisha mlinzi wa mwanawe kama gunia la unga. Usiku ule alilala mikono miwili ikiwa juu ya tumbo, akihesabu katika moyo wake watu waliowahi kuhamisha vitanda na watoto wakapona. Hakumpata hata mmoja.

Jumatano mama mkwe alitangulia uani kwenye tambi. Sokhun alifunga mlango wa chumba kikubwa, akachukua ufagio mpya. Iko njia moja iliyoruhusiwa: ikibidi kitu kisogezwe, kifagie kwanza kwa upole, umwombe mlinzi apishe. Alifagia godoro, akafagia mbao za ubavuni, akapiga magoti kufagia miguu ya kitanda mmoja mmoja.

"Sogea, tafadhali," alinong'ona. "Sogea kidogo tu. Wanakuja na nyundo."

"Ha! Unafagia kitanda?"

Moyo ulimpasuka paa. Dirishani alikuwa amesimama Guat, jirani yao, viwiko juu ya kizingiti, bakuli tupu mkononi. Guat alikuwa na desturi ya kuja kuomba siki hata kama ana siki kwake.

"Nafagia vumbi, dada Guat."

"Vumbi gani la siku ya kuhamisha? Kitanda kinang'olewa sasa hivi." Macho yake yalimshuka Sokhun kutoka usoni mpaka kiunoni, yakatua hapo. "Mimi namjua mtu wa aina moja tu anayefagia miguu ya kitanda. Una furaha, wewe?"

"Furaha ya nini? Kuna mchwa."

"Mchwa! Na huo uso ulionyauka kama mboga ya jana, nao umeliwa na mchwa?"

"Nimekula kitu kibaya."

"Nitajie na mimi nikamlishe mkaza mwana wangu. Mwaka wa pili huu, kimya, hata chafya."

"Sina kitu tumboni, dada Guat," Sokhun alisema. Maneno yalimchoma ulimi. Akayarudia kwa nguvu zaidi ili yaaminike. "Sina!" Na moyoni alikuwa akiomba: usisikie, mwanangu, si wewe ninayekukana.

Sauti ya mama mkwe ilivuma kutoka uani. "We Guat! Siki iko jikoni, haiko dirishani! Na furaha gani unayoitafuta kwa huyo? Tumbo lake ni kapu. Unatia, linavuja."

Guat alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, na wala hakuondoka. Sokhun alisimama na ufagio wake. Alitaka kulia, akajikaza, kwa sababu kulia nako kungeulizwa sababu.

Fundi Hok aliingia na mfuko wake wa zana, Bunliong nyuma yake amekunja mikono ya shati. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mpenda mbao kuliko watu. Alikizunguka kitanda chekundu akikipapasa nguzo.

"Kazi hii! Siku hizi hawajui tena kuunga hivi. Hakina msumari hata mmoja, ni vigingi vya mbao tupu."

"Kina mchwa," Sokhun alisema.

"Mchwa?" Fundi aligonga nguzo kwa kidole, akasikiliza. "Dada, kitanda hiki kitatuzika sote."

"Nilisikia usiku wanatafuna."

"Alikuwa mumeo huyo anasaga meno."

Bunliong alicheka. Sokhun aliketi kitandani, kisha akajilaza kabisa, magoti yamepanda. "Kichwa kinaniuma. Niacheni mpaka alasiri."

"Alasiri siku njema imekwisha," mumewe alisema kwa upole, akamshika mkono amwinue. "Inuka, mke wangu. Mama atatutoa roho. Inuka ukae hapo kwenye kiti, sisi tutafanya upesi."

"Bunliong, usiwaruhusu."

"Kwa nini?"

Alimtazama. Jibu lilikuwa limekaa pale nyuma ya meno yake, dogo kama punje ya mchele, na hakuweza kulitoa. Akainuliwa, akakalishwa kitini.

Fundi Hok aliweka ncha ya patasi kwenye kigingi cha mguu wa kichwani, akainua nyundo. Pigo la kwanza lilitikisa kitanda kizima. Na papo hapo, chini ya kitovu, Sokhun alihisi uzi umevutwa kwa nguvu, ukamchoma mpaka kwenye nyonga. Fundi akainua nyundo tena.

"Acheni! Mnamgonga mwanangu!"

Alikuwa amesimama bila kujua ameinukaje. Nyundo ilibaki hewani. Kwenye banda nguruwe aliguna, na dirishani Guat alikuwa ameachama. Bunliong aliangalia tumbo la mkewe, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama mkwe alitokea mlangoni, unga umempanda mpaka viwikoni. Alitazama ufagio mpya uliolala sakafuni, akatazama patasi kwenye mguu wa kitanda, kisha uso wa Sokhun. Ungeweza kuona mambo yanavyompangikia moja moja: bega lililoteguka, pumba zilizochacha kila asubuhi, vitunguu vilivyorudi bakulini. Rangi ilimtoka. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akamnyang'anya nyundo, akaifunga ndani ya aproni yake.

"Fundi Hok," alisema polepole. "Umesikia nini?"

Mzee aliichomoa patasi yake. "Mimi, Mama Bunliong? Nagonga mbao tangu utotoni. Masikio yangu yalikufa zamani."

"Na hicho kitanda?"

Fundi akakitazama kitanda alichokisifu muda mfupi uliopita. "Mchwa mtupu," alisema kwa huzuni ya kweli. "Hakihamishiki. Ukikisogeza hata kidogo kinakuwa unga."

"Bunki atanunuliwa kipya, na atalala chumba cha magunia. Bunliong, wewe umesikia nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Bunliong waziwazi. "Mama, amesema ana—"

"Umesikia nini?"

"Mchwa, Mama."

Ikabaki dirisha. Mama mkwe aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Sokhun alimwona yule mama anaogopa mtu. Mdomo wa Guat ulikuwa ndio kengele ya mtaa. "Na wewe, Guat?"

Guat aliangalia bakuli lake, akalizungusha mikononi. Pengine alimfikiria mkaza mwana wake aliyekaa kimya mwaka wa pili, pengine hakufikiria kitu. "Nimekuja kuomba siki," alisema. "Mnipe siki yangu niende zangu."

Wakati huohuo Sokhun alihisi umajimaji wa moto unamshuka mapajani.

Hakumwambia mtu. Alitembea kwa hatua fupi mpaka nyuma ya pazia palipokuwa na ndoo, akalivuta pazia. Alihangaika na kamba ya suruali. Mara zote mbili ilianza hivihivi, joto kwanza, kisha rangi. Alifumba macho. Alijua chumba kizima kinamsikiliza, na alijua kwamba akifumbua macho kitu kimoja kati ya viwili kitakuwa kweli na hatakuwa na uwezo wa kukibadilisha. Akafumbua.

Sauti ya mama mkwe ilikuja karibu sana, kumbe alikuwa amesimama palepale upande wa pili wa kitambaa. "Sokhun."

"Naam, Mama."

Pumzi ya yule mama ilisikika ikipanda na kushuka. "Rangi?"

"Haina, Mama." Sauti ilimkatika. "Ni mkojo tu. Nilishtuka. Ni safi."

Akasikia kitu kizito kinateleza ukutani mpaka chini. Alipolifungua pazia, alimkuta mama mkwe ameketi sakafuni, miguu imenyooka mbele, nyundo bado imo kwenye aproni. Wanaume walikuwa wameshatolewa nje.

"Keti," alisema yule mama. "Keti kitandani. Kitandani kwako."

Sokhun aliketi. Mama mkwe alikwenda jikoni kwa kujikongoja, akarudi na kopo la plamu kavu za chumvi, zile chachu zinazokunja uso. Akalitia mapajani mwa Sokhun.

"Ukisikia mate yanakujaa, weka moja mdomoni. Mimi nilipokuwa naugua—" Akajiziba mdomo kwa kiganja, unga ukampaka mashavuni. Kisha akaingiza mkono kwenye kopo, akachukua plamu moja kubwa, akaishika mbele ya midomo yake.

"Hii ni yangu mimi. Ya kuzibia. Mtungi ule wa mafuta niliununua mimi, Sokhun, ili watu wanione. Yule wa pili nilimfukuza mimi. Mikono yako haikufanya kosa lolote." Machozi yalichora mistari kwenye unga. "Nimesema mara moja, sirudii."

Akaitia plamu shavuni.

Tangu siku hiyo mtaa ulishangaa. Mama Bunliong, aliyekuwa akianza kuongea kabla jogoo hajamaliza, akawa haongei. Akiulizwa, anaonyesha shavu lililovimba. Jino, watu wakadhani. Vitunguu havikukaangwa tena katika nyumba ile. Hata hivyo Sokhun aliendelea kukimbia kila asubuhi nyuma ya banda, na kila alipokimbia mama mkwe alimfuata na ndoo ya pumba, akazimwaga zote kwa mkupuo hori likajaa. Nguruwe wakapiga kelele za kugombania hata hakuna wa mtaani aliyeweza kusikia mtu akitapika. Mkono wake wa pili ulimshika Sokhun paji la uso mpaka akamaliza. Usiku Bunliong alijilaza ukingoni mwa kitanda chekundu kama gogo, akiogopa kujigeuza.

Uzi ulivutwa tena mara kadhaa, na Sokhun akaganda kila mara na tambi mkononi akisubiri. Haukukatika.

Mwezi wa tatu ulipotimia, mama mkwe alitema kokwa ya plamu juu ya ukuta, akanawa uso, akavaa shati lake jema. Alikwenda mpaka mlango wa Guat, kwa Guat kwanza kabla ya ndugu na kabla ya hekalu, na Sokhun akamfuata nyuma taratibu. Guat alitoka akipangusa mikono.

Mama mkwe alifungua kinywa. Miezi yote ile maneno yalikuwa yamemjaa kifuani, na sasa ruhusa ilikuwepo, mchana kweupe. Hakikutoka kitu. Midomo ilimcheza tu, akasimama pale akilia, akimnyooshea Sokhun kidole.

Guat aliwatazama wote wawili. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa amesikia hata neno moja kutoka kwake, yeye aliyekuwa hawezi kukaa na habari mpaka uji upoe.

"Ana furaha?" Guat aliuliza, na sauti yake nayo ikaanza kutetemeka. "Jamani! Mbona ndiyo kwanza nasikia leo?"